Maneno matatu tu, na bado hayasomeki: jinsi ya kulinganisha hadithi na sauti alizojifunza mtoto

Jalada la kitabu limeandikwa "Ngazi ya Kwanza". Ndani kuna picha kubwa, na chini yake sentensi moja ya maneno matatu: "Nyani anachungulia shimoni." Mtu mzima akiitazama ataona hakuna kitu chepesi kuliko hiki. Lakini mtoto wa Darasa la Kwanza ambaye hadi sasa amejifunza irabu tano pamoja na m, k na t hawezi kusoma hata neno moja hapo. Hajafika kwenye n wala l, na ny, ch, ng na sh bado ziko mbali. Kilichobaki kwake ni kutazama picha na kubahatisha. Akibahatisha vizuri tunampigia makofi, naye anaondoka akiamini kwamba huko ndiko kusoma.

Mtoto huyo huyo mpe ukurasa huu:

Kuku ameketi. Tai ametua. Tai amekamata mkia. Mkia umekatika! Kuku ametoka.

Ni maneno kumi na moja, na mengine ni marefu, lakini yote yameandikwa kwa herufi nane: a, e, i, o, u, m, k, t. Atakwenda polepole, ataweka kidole chini ya kila silabi, na kwenye "amekamata" huenda akapumzika katikati. Ila atafika mwisho, na atajua kwamba kuku amepona. Hakuna aliyemwambia, amesoma mwenyewe.

Tofauti ya kurasa hizi mbili ndiyo mada yetu. Hadithi hupimwa kwa njia nyingi: urefu wa sentensi, wingi wa maneno kwenye ukurasa, umri wa msomaji. Kwa mtoto anayeanza kusoma, kipimo kinachotangulia vyote ni sauti gani amekwisha kufundishwa, na ni maneno mangapi ya hadithi anayoweza kuyafungua kwa sauti hizo.

Wazo hili limefanyiwa kazi sana Uingereza. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2007 ulioitwa Letters and Sounds ulizipanga sauti kwa awamu, ukianza na s, a, t na p, na vitabu vya kwanza vya mtoto vikatakiwa kufuata mpangilio wa sauti anazofundishwa. Tangu mwaka 2012 watoto wa huko wenye umri wa miaka mitano na sita husomeshwa maneno 40 mbele ya mwalimu, na nusu ya maneno hayo hayana maana yoyote, ili ionekane kama mtoto anaunganisha sauti au anakumbuka tu sura ya neno. Waingereza wana sababu ya kuhangaika hivyo. Lugha yao ina sauti zipatazo 44, herufi 26, na sauti moja huweza kuandikwa kwa namna nyingi. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha Kiingereza na mifumo mingine 12 ya maandishi ya Ulaya, ukaonyesha kwamba watoto wa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao kujenga msingi wa kusoma.

Kiswahili hakina tatizo hilo. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, iwe mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Hakuna herufi bubu. Mkazo karibu siku zote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa sababu hiyo watu wengi huhitimisha kwamba Kiswahili hakihitaji kulinganisha hadithi na sauti: mtoto akimaliza ba be bi bo bu, mpe kitabu chochote. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ugumu wa Kiswahili upo, ila umekaa mahali pengine, na kipimo kilichotengenezwa kwa lugha nyingine hakiwezi kuuona.

Mahali pa kwanza ni konsonanti zinazoandamana, zile ambazo walimu huziita mwambatano. Ndani ya kundi hili kuna vitu vitatu tofauti ambavyo vitabu vingi huvichanganya. Kuna herufi mbili zinazoandika sauti moja: ch, sh, th, dh, gh, ny, na ng' yenye kibainishi. Kuna konsonanti zinazotanguliwa na sauti ya pua: mb, nd, ng, nj, nz, mv. Halafu kuna zinazofuatwa na w: kw, bw, mw, sw, tw. Mtoto anayejua n na y kila moja peke yake hajui ny, na anayejua n na g hajui ng, sembuse ng'. Zikirundikana tatu, kama kwenye "nyweleni", "chungwa" au "imepondwa", mzigo unakuwa mzito zaidi.

Angalia basi wanyama wa hadithi zetu. Mbuzi, mbwa, ng'ombe, ndege, nyani, simba, twiga, chui, kondoo, nyoka, nyuki: kila mmoja amebeba mwambatano. Hata Sungura ana ng. Wanaosomeka mapema ni wachache: paka, kuku, bata, tai, kima, kobe, fisi. Fisi husomeka kabla ya Sungura, na mwandishi wa hadithi za mwanzo anayelijua hilo atampa Fisi nafasi ya kwanza, hata kama kwenye ngano ndiye anayechekwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu wazima tumelisahau kwa sababu tunalifanya bila kufikiri. M huweza kuwa silabi yenyewe. "Mkia" ni m-ki-a, "mtoto" ni m-to-to. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, ilhali "mbu" ni m-bu. Tukisema "mtu mbaya", neno la pili ni m-ba-ya. Tukisema "njia mbaya", ni mba-ya. Maandishi ni yale yale, mgawanyo ni tofauti. Mtoto anayekijua Kiswahili kwa masikio hujirekebisha mwenyewe, kwa kuwa amekwisha kuyasikia maneno yote mawili. Anayejifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja, na hao ni wengi vijijini, hana pa kushika. Kwa huyo ni vyema hadithi za mwanzo zitumie m inayosimama peke yake katika maneno ya kila siku, mkate, mti, mkeka, mtoto, mpaka aizoee, kabla ya kukutana na mb.

Irabu zinazofuatana nazo huangusha wengi. "Kaa" husomwa "ka", "mzee" husomwa "mze", na "aliiona" hupoteza i moja njiani. Na kuna maneno ya mkopo yanayovunja desturi ya silabi kuishia na irabu: daktari, maktaba, labda, kabla, Alhamisi, baiskeli. Sasa fikiria hadithi ya mtoto aliyekwenda hospitali, au aliyeazima kitabu maktaba. Mada ni nzuri, wafadhili wanaipenda, lakini "daktari" na "maktaba" yatajirudia kila ukurasa. Hadithi ya shambani yenye kuku, mahindi na jembe huenda ikawa nyepesi kwa sauti kuliko hadithi ya mjini yenye urefu ule ule. Mada huchagua maneno, na maneno huchagua ngazi.

Hata majina ya wahusika yana uzito. Jina hutokea mara nyingi kuliko neno jingine lolote katika hadithi, kwa hiyo jina likiwa gumu, kila ukurasa ni mgumu. Tatu na Kamau husomeka kwa irabu pamoja na t, k na m. Amina na Atieno yanangoja n. Mwanaidi, Chausiku na Nyamvula ni majina mazuri, na mtoto mwenye jina hilo ana haki ya kujiona kitabuni, ila mahali pake ni vitabu vya muhula unaofuata.

Nimeyaacha maneno marefu hadi sasa kwa sababu ndiyo yanayokitenga Kiswahili kuliko kitu kingine chochote. "Sitawaona" ni neno moja kwetu. Mwingereza angeandika matano. Ndani yake kuna mtendaji, ukanushi, wakati, wanaotendwa na kitendo, vyote vimeshonwa pamoja bila nafasi. Ndiyo maana viwango vya Kenya vya usomaji fasaha katika madarasa ya chini vilitofautisha lugha hizi mbili: maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, 45 kwa Kiswahili. Mtoto anayesoma maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika hayuko nyuma ya mwenzake. Amebeba silabi nyingi zaidi katika kila neno.

Kwa hiyo kuhesabu maneno kwa kila ukurasa ni kipimo chenye upogo. Sentensi "Hawajatuambia" ina neno moja na silabi saba. Sentensi "Baba ana gari la bati" ina maneno matano na silabi tisa, lakini mtoto huisoma mapema zaidi, kwa kuwa kila kipande ni kidogo na anaweza kupumua baina ya neno na neno. Katika hadithi za mwezi wa kwanza au wa pili, neno la silabi mbili au tatu liwe ndilo la kawaida, la nne au la tano liwe mgeni anayekuja mara moja moja. Hadithi yangu ya tai na kuku ina "amekamata" na "umekatika"; herufi zake ni nyepesi, ila ningeitoa baada ya mtoto kuzoea "ametua" na "ameketi". Akiishika "ame-" kama kipande kimoja, si a halafu me, "amekamata" inapungua na kubaki ka-ma-ta tu.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Mpangilio wa herufi haufungui msamiati peke yake, unafungua sarufi. Ukiwa na m unapata -me-, unaweza kusimulia kilichokwisha kutokea. Ukiongeza n unapata -na-, kinachotokea sasa. Bila l hakuna -li-, yaani hadithi haiwezi kuwa na "alikuwa" wala "alisema". Bila w huna wingi wa watu. Bila h huna ukanushi wa "hana" na "hakuna", na hadithi isiyoweza kusema hapana ni dhaifu sana. "Hapo zamani za kale" inahitaji h, p, z, m, n, k na l kabla msimulizi hajafungua kinywa. Mtoto ataweza kusoma "Pakawa" siku nyingi kabla ya kusoma "Paukwa", kwa sababu ya ile kw. Mwandishi anayepanga mfululizo wa vitabu akikaa na jedwali la herufi na kile zinachofungua mbele yake ataona wazi kila wiki ya muhula inamruhusu kusimulia nini, na hadithi zake zitaacha kuwa orodha za maneno yaliyofungwa kamba.

Je, ufuate mpangilio upi wa herufi? Ule wa shule ya mtoto. Tanzania ilipoanza mwaka 2015 kutumia mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili unaojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sauti za herufi zilipewa nafasi ya mbele. Mwaka huo huo Kenya ikaanza Tusome, mpango wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini. Mzazi hana haja ya kubuni mpangilio wake. Afungue daftari la mtoto, aone wamefika wapi, aandike kwenye karatasi sauti zilizokwisha kufundishwa.

Akiwa na karatasi hiyo, kupima hadithi ni kazi ya dakika chache. Chukua ukurasa wa katikati, kwa maana wa kwanza mara nyingi hupambwa. Pigia mstari kwa penseli kila neno lenye sauti ambayo haimo kwenye karatasi. Mistari ikiwa michache, tuseme neno moja katika kumi au pungufu, hadithi inafaa, na maneno hayo machache mtajie kabla hajaanza. Ikizidi hapo, hadithi ni ya kusoma pamoja naye. Kisha msikilize. Akikosea zaidi ya neno moja katika kila kumi anatumia nguvu zake zote kufungua maneno, na hakuna nguvu iliyobaki ya kufuata kisa.

Usikilize na aina ya makosa. Mtoto anayesoma "anakimbia" mahali palipoandikwa "amekimbia" ameona mwanzo na mwisho wa neno akabuni katikati. Huyo anahitaji hadithi zinazochezesha -na- na -me- ubavu kwa ubavu. Anayesoma ukurasa wote bila kosa huku macho yako kwenye picha huenda ameukariri. Funika picha, umwoneshe neno la mwisho kabla ya la kwanza, utajua. Walimu hutumia maneno yasiyo na maana kwa kazi hiyo hiyo: "tamiko", "lumepa". Mtoto anayesoma "lumepa" anasoma kweli.

Lafudhi isikupotoshe. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi l na r atasoma "kura" na "kula" kwa sauti moja; asiyekuwa na dh atasoma "dhahabu" kwa z. Akijua anachokisema, amesoma. Kumkatiza kila mara ni kumfundisha kunyamaza. Ila kwa mwandishi hili lina maana: th, dh, gh na kh zije mwishoni mwa mfululizo, kwa kuwa kwa watoto wengi wa bara hizo ni herufi mpya na sauti mpya kwa pamoja.

Sauti mpya inapofundishwa, hadithi ya siku hiyo iirudie mpaka ikae, na isibebe mwambatano mwingine mpya pamoja nayo. Siku ya nd, kwa mfano:

Ndege ameona ndizi. Ndizi imo ndani ya kapu. Ndege anapanda kapu.

Si kisa cha kutolea tuzo. Kina ndege, tamaa, na swali la nini kitafuata, na kwa mistari mitatu hiyo inatosha.

Lakini mtoto wa miaka sita ana akili kubwa kuliko herufi anazozijua, na hapa wazazi wengi waangalifu huteleza. Wakishaelewa umuhimu wa ngazi, huanza kumfungia mtoto hadithi zote zilizo juu ya ngazi yake. Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma ni zao la vitu viwili: kufungua maneno na kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Hadithi za ngazi hujenga cha kwanza. Cha pili hujengwa na hadithi anazosimuliwa na kusomewa, na hizo hazina ngazi. Msomee za Sungura na Fisi zenye nyimbo ndani yake, msomee za majini na za wafalme, zenye "akaghadhibika" na "wakashangilia". Tenga tu kwa wazi: hiki nakusomea mimi, hiki tunasoma wote, hiki unanisomea wewe.

Vitabu vya kutosha vinapatikana wapi? Maktaba ya kidijitali ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure. Ngazi zake hufuata zaidi wingi wa maandishi: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza. Ni kipimo chenye manufaa, ila sauti inabidi uzipime mwenyewe, hasa katika hadithi zilizotafsiriwa. Sentensi ya paka aliyekaa juu ya mkeka kwa Kiingereza ni maneno mafupi ya wiki za mwanzo. Ikitafsiriwa "Paka ameketi kwenye mkeka", neno "kwenye" linaleta kw na ny kwa mpigo. Mhariri mwenye jicho angeandika "juu ya mkeka" na kuivuta hadithi nyuma muhula mzima. Na akihakiki, akague kibainishi cha ng'. Hadithi nyingi za mtandaoni zimeandika "ngombe", na kwa mtoto anayejifunza hiyo si dosari ndogo ya chapa. Ni sauti nyingine kabisa.

Kwa anayetaka kuandika mwenyewe, programu ya bure ya Bloom, iliyotengenezwa na shirika la lugha la SIL, ina sehemu ya kutunga vitabu vya namna hii. Unaiwekea mpangilio wa herufi, nayo hukuonyesha neno linalovuka hatua uliyopo. Kwa Kiswahili kuna sharti moja: orodhesha ny, ng, ng', mb, kw na wenzake kama vitu vinavyojitegemea. Ukiingiza n na y pekee, programu itadhani "nyanya" inasomeka.

Watoto wetu walio ughaibuni wana njia yao. Aliyeanza kusoma kwa Kiingereza Minneapolis au London anazijua herufi zote, na ndiyo sababu hadithi za herufi chache humchosha. Kinachomkwaza ni irabu: "me" kwenye "ameketi" anaisoma kwa sauti ya Kiingereza. Mrudishe kwenye irabu tano kwa siku chache, kisha mpe hadithi fupi zenye maneno anayoyasikia nyumbani, hata kama yana mwambatano. Mtoto wa Nairobi anayejifunza lugha mbili muhula mmoja anahitaji uangalizi huo huo.

Wachapishaji wanaweza kutuondolea kazi ya penseli kwa mistari michache nyuma ya jalada, badala ya "Ngazi ya Kwanza" isiyosema kitu: Irabu zote. Konsonanti m, k, t, n, l, b, s, p. Mwambatano: mb na nd. Neno refu kabisa lina silabi tano. Maneno ya kumtajia mtoto kwanza: kwenye, daktari.